Andika Tena kwa Mwandiko Mzuri

Mwalimu mwenzangu, kuna neno linazunguka mashuleni siku hizi kama mafua ya Juni: kuhariri. Limo kwenye semina, limo kwenye kiongozi cha mwalimu, na juzi nimelisikia kinywani mwa mzazi aliyekuja kuulizia kiatu cha mwanawe kilichopotea. Eti mtoto wa Darasa la Tatu aandike, aisome kazi yake, agundue kwamba hakusema alichotaka kusema, kisha aandike upya. Mtoto wa miaka tisa! Sisi wenyewe barua ya kuomba uhamisho huiandika mara moja tukaituma, na ndiyo maana mpaka leo tuko hapa hapa.

Usihofu. Nimekaa na Darasa la Tatu na la Nne kwa miaka ishirini na sita, na katika muda wote huo karibu kila mtoto aliyepita mikononi mwangu ametoka na mawazo yake vilevile alivyoyaleta. Herufi wamebadilisha, maelfu kwa maelfu. Wazo, hapana. Fuata mwongozo huu, nawe utafundisha kuhariri kwa namna ambayo kila kitu kitaonekana kimefanyika: tarehe ubaoni, wino mwekundu daftarini, saini kwenye shajara, na mtoto salama salimini, hajaguswa.

Kazi inaanzia kwenye mada. Mada bora ni ile ambayo mtoto hana la kusema juu yake, na kama analo, hana ruhusa. Mfalme wa mada zote ni ng'ombe. Unajua mwenyewe inavyokwenda: ng'ombe ni mnyama wa kufugwa, ana miguu minne, macho mawili, masikio mawili, pembe mbili na mkia mmoja, hutupatia maziwa, nyama na ngozi. Mtoto wa Mbagala ambaye ng'ombe amemwona akining'inia buchani tu, tena bila kichwa, ataandika hivyo. Mtoto wa Longido anayemjua ng'ombe kwa jina, kwa tabia na kwa ukoo wa mama yake naye ataandika hivyo hivyo, neno kwa neno. Hapo ndipo penye utamu. Insha ya ng'ombe haihaririki. Umwambie mtoto aongeze maelezo, aongeze nini, mguu wa tano? Umwambie apunguze, apunguze pembe? Ng'ombe aliumbwa na Mungu, akamaliziwa na walimu wa Kiswahili, na hakuna aliyeachiwa nafasi ya kuongeza kitu.

Ukilazimishwa na kiongozi cha mwalimu kutoa mada inayogusa maisha ya mtoto, toa "Likizo yangu", lakini usimwache nayo peke yake. Mwandikie vidokezo ubaoni: ulikwenda wapi, kwa usafiri gani, ulikula nini, ulirudi lini. Kwa vidokezo hivyo likizo yoyote itatoka basi, chakula, basi. Hata aliyekwenda kumzika babu yake ataandika alikula nini.

Hatua inayofuata ni kupiga marufuku rasimu. Rasimu ni insha isiyooga, na shule yetu ina kauli mbiu ya usafi iliyoandikwa ukutani kwa rangi ya mafuta. Tangaza mapema kwamba usafi wa kazi una alama mbili. Atakayekata neno moja kwa mstari, moja imekwenda. Atakayekata mawili, zote zimekwenda. Mtoto mwenye akili atagundua upesi kwamba neno baya lililokaa vizuri lina faida kuliko neno zuri lililobanwa juu ya jingine. Ataandika "nilifurahi sana" hata pale alipoogopa, kwa kuwa "niliogopa" limemjia akiwa amekwisha kuandika la kwanza. Atakayekaidi atafuta. Raba ya mwanafunzi, kama ujuavyo, huishi siku tatu, basi atalamba kidole, asugue, asugue tena, mpaka karatasi itoke tundu na ukurasa wa nyuma nao uchungulie. Hapo umepata makosa mawili kwa bei ya moja.

Sasa kalamu nyekundu. Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo penye ufundi.

Tuchukue insha halisi. Mvulana mmoja wa dawati la tatu, upande wa dirisha, aliniandikia hivi kuhusu likizo yake:

"Siku moja tulienda kwa bibi handeni. Tulipanda basi tulifika salama. Bibi alifurai. mbuzi alikula tikiti ya baba ya kurudia. Tulikura wali na kuku. Tulirudi dar es salaam. Likizo yangu ilikuwa nzuri sana."

Mwalimu asiye na uzoefu angesimama kwenye ile sentensi ya nne. Angeshikwa na udhaifu wa kutaka kujua. Mimi sikusimama. Jicho langu lilikwenda lilipofundishwa kwenda: Handeni haina herufi kubwa, "alifurai" imekosa h, mbuzi kaanza sentensi kwa herufi ndogo, "tulikura" ni ile r yao ya siku zote, Dar es Salaam imeandikwa kama jina la kijiko, na baada ya "basi" hapana mkato. Makosa sita. Mbuzi nikampa herufi yake kubwa, tukaagana kwa amani. Chini nikaandika: "Vizuri. Zingatia herufi kubwa. Fanya masahihisho."

Masahihisho, mwalimu mwenzangu, ndiyo silaha yetu kubwa, na inasikitisha kwamba vijana wa siku hizi wanaitupa. Mtoto anaandika neno MASAHIHISHO katikati ya ukurasa, analipigia mstari kwa rula, kisha kila neno alilokosea analiandika mara tano. Mvulana wangu akaandika: alifurahi, alifurahi, alifurahi, alifurahi, alifurahi, tulikula, tulikula, tulikula, tulikula, tulikula. Ukiusoma ukurasa ule peke yake utadhani ni taarifa ya harusi. Nikaweka vema, nikaweka saini, nikaweka tarehe. Mtoto amehariri. Insha yenyewe haikuguswa hata kwa ncha ya penseli, imekaa kule ukurasa wa nyuma ilivyozaliwa.

Ukitaka kupanda daraja, mwambie aandike yote tena kwa mwandiko mzuri. Atainakili, sentensi saba zilezile, herufi zimesimama kama askari wa gwaride, na bahati ikiwa yako ataacha hata ile ya mbuzi kwa sababu imemchosha mkono. Kazi hiyo ndiyo ya kubandika ukutani, mgeni akija aione.

Niseme neno moja nje ya mzaha. Si uvivu ulionifikisha hapa. Uwiano unaotakiwa ni watoto 45 kwa mwalimu mmoja. Elimu bila malipo ilipoanza Januari 2016 watoto walimiminika, na ni jambo jema, wengi wao wangekuwa wanauza maji stendi. Lakini darasa langu likawa na 96, watatu watatu na wanne wanne kwenye dawati. Mpe kila mtoto dakika tatu za kusoma anachosema: ni dakika 288, karibu saa tano. Kipindi ni dakika 40. Ukiwa na vitabu 96 mezani na jua linazama, hutafuti mbuzi. Unatafuta herufi kubwa, maana herufi kubwa inaonekana kwa mbali. Haya, turudi kazini.

Adui mkubwa wa mwongozo huu hatoki wizarani. Anatoka chuo cha ualimu, amevaa viatu vya kuazima, ana barua ya mazoezi ya kufundisha. Wetu alikuwa binti mpole, anaamkia kila mtu, mpaka mlinzi mdogo wake kwa umri. Daftari lake lilikuwa la jalada gumu. Nilimpa kipindi changu, nikakaa nyuma kusahihisha hesabu. Nakusimulia aliyoyafanya ili ukiyaona kwako uyazime mapema.

Kwanza alisimama ubaoni akaandika insha yake mwenyewe, fupi, tena mbovu: jana nilikwenda sokoni, nilinunua samaki, nilirudi nyumbani. Akaweka chaki chini, akauliza: "Mnataka kujua nini ambacho sijawaambia?" Kimya. Watoto 96 wakageuka kunitazama mimi, kuona kama huo ni mtego. Nikainamisha uso kwenye hesabu. Hatimaye msichana mmoja wa mbele akajaribu: "Samaki gani, mwalimu?" Binti akasema kibua. Mwingine: "Jana si ilinyesha? Hukulowa?" Akasema alilowa, tena mfuko ulipasuka njiani, na kibua mmoja akachukuliwa na paka wa muuza chipsi. Darasa likacheka. Ndipo kile kitoto cha mbele kikauliza swali ambalo kwa mwaka mzima nilikuwa nimefanikiwa kulizuia: "Sasa mbona hukuandika?"

Unajua alifanya nini? Alisema, "Kweli." Akachukua chaki, akakata "nilirudi nyumbani" kwa mstari, akamwingiza paka juu yake kwa mshale, akasoma upya, hakupenda, akafuta kwa kiganja, akaandika tena. Mwalimu, mbele ya wanafunzi, anakata kazi yake! Mimi nikikosea ubaoni nina sentensi moja tu, niliyorithi kwa mwalimu wangu: "Nilikuwa nawapima kama mko macho." Imenitunzia heshima robo karne.

Wiki iliyofuata aliwaambia waandike wakiruka mstari mmoja mmoja. Aliuita mstari wa akiba. Nikamwonya kwamba daftari zitaisha kabla ya Septemba na wazazi watakuja na maneno. Akasema anajua, lakini mtoto asiye na nafasi ya kubadili atabadili wapi? Sikuwa na jibu, nikamwomba anipishe nipite. Kisha akawaketisha wawili wawili, kalamu zote chini, mmoja anasoma kwa sauti, mwenzake anasikiliza na ana haki ya swali moja. Si kurekebisha. Si kucheka mwandiko. Swali moja. Sasa fikiria watoto 96 wakisoma na kuuliza kwa pamoja. Mwalimu wa zamu alikuja dirishani na fimbo akidhani pameingia nyoka.

Nami nilikuwa nimeketi karibu na dirisha hilo, nyuma ya mvulana wa mbuzi. Aliisoma insha yake, ileile, bila haraka. Alipomaliza, jirani yake akamuuliza: "Sasa mlirudije bila tikiti?"

Yule mtoto hakuvuta hata pumzi. Alisimulia. Nilidaka vipande vipande: shati lililokuwa limeanikwa, bibi na mwiko, kondakta, baba akionyesha kipande cha tikiti kilichobaki ukubwa wa ukucha. Jirani yake alikuwa ameacha mdomo wazi. Watoto wawili wa dawati la mbele wakageuka. Kila walipomkatisha kwa "ikawaje?", alirudi nyuma kidogo, akaongeza kitu alichokisahau, akaruka wali na kuku moja kwa moja. Hakuna aliyemfundisha kuruka wali na kuku. Na vyote hivyo vilikuwa ndani ya sentensi niliyoipa herufi kubwa.

Wiki ya tatu alikuja na mikasi miwili na sufuria ya gundi ya unga wa ngano. Watoto wakakata insha zao vipande, sentensi kwa sentensi, wakazipanga upya juu ya madawati kama wachezaji wa karata, wakabandika. Nilisikia mmoja akisema kwa mshangao, "Kumbe ya mwisho inaweza kuwa ya kwanza!" Sakafu ilikuwa na vikaratasi mpaka mlangoni. Vingi vilikuwa vya "Likizo yangu ilikuwa nzuri sana".

Nilimwita ofisini. Nikamuuliza haya mambo anayatoa wapi. Akafungua lile jalada gumu na kunitajia Mmarekani mmoja, Donald Graves, aliyekaa na watoto wadogo kwenye shule moja ya New Hampshire, kisha akatoa kitabu mwaka 1983 akisisitiza kwamba mwalimu aketi na mtoto na kumuuliza juu ya anachoandika. Nikacheka kicheko cha mtu mzima. "Binti yangu, Marekani darasa lina watoto ishirini na kitu. Wewe una 96. Utaketi na nani?"

"Shikamoo, mwalimu," akasema, na hiyo ilikuwa shikamoo ya tatu siku hiyo, ndipo nikajua anataka kunipinga. "Nitaketi na watano kwa siku. Siku ishirini nimewamaliza. Ni mwezi mmoja wa shule."

Hesabu hiyo ilinikera kwa sababu ilikuwa sahihi.

Na alifanya hivyo. Watano kila siku, dakika mbili mbili, wengine wakiwa wanaandika. Hakutumia wino mwekundu. Alitumia penseli, na chini ya kila insha aliandika swali moja, basi. Tahajia aliziacha mpaka siku ya mwisho, akisema haina maana kupiga pasi shati ambalo bado linakatwa. Mzazi mmoja alikuja na daftari, amekasirika: "Alama ziko wapi? Mwanangu amepata ngapi?" Nilimtuliza, nikamwahidi alama zitarudi.

Zikarudi. Muda wake wa mazoezi ulikwisha, akaondoka na barua yake, nami nikashika darasa. Ilinichukua karibu wiki mbili kuwaponya. Siku ya kwanza niliwapa ng'ombe, kama mtu anavyompa mgonjwa uji. Mkono ukanyooshwa upande wa dirisha.

"Ng'ombe wa nani, mwalimu?"

Nikamwambia ng'ombe yeyote. Akauliza kama anaweza kuandika mbuzi.

Ikikutokea hali kama hiyo, usipaze sauti. Tumia mtihani, kinga isiyopasuka. Waeleze kwamba Darasa la Saba hakuna atakayewauliza ikawaje. Na ni kweli: katika mtihani wa Kiswahili wa kumaliza elimu ya msingi, kwa miaka mingi sehemu iitwayo Utungaji imekuwa ya kupewa sentensi zilizokwisha kutungwa na mtu mwingine, zimechanganywa makusudi, mtoto azipange kwa kuzipa herufi A, B, C na D. Mwaka 2012 jibu lenyewe likaanza kutiwa kivuli kwa penseli na kusomwa na mashine. Utungaji bila kutunga, kama chai bila majani. Yule binti, nilipomwonyesha karatasi hiyo, alinivunja nguvu kwa kusema kwamba kuhamisha sentensi ni robo ya kuhariri, zilizobaki ni kuongeza, kuondoa na kubadilisha. Tatizo ni kwamba sentensi si za mtoto. Sikumwonyesha karatasi nyingine.

Wenzetu wa Kenya angalau waliandika. Mtihani wao wa KCPE, ulioanza 1985 na kufanyika mara ya mwisho 2023, ulikuwa na insha ya dakika 40, alama 40. Alama moja kwa dakika, na ndani yake mtoto apange, aandike, apitie. Nani apitie? Walimu wa huko wakabuni dawa nzuri kuliko yetu: mtoto anameza mianzo mapema. Jua linachomoza kwa madaha, ndege wanaimba kwa sauti nyororo, umande unameremeta, na haijalishi insha inahusu ajali ya basi au sherehe ya Jamhuri. Aya ya kwanza ilikuwa imehaririwa tangu nyumbani, kwa miaka mingi, na watu wengi, mpaka haikuwa ya mtu. Nawaonea wivu kidogo.

Katika chumba cha walimu hatakosekana mmoja wa kukuambia kwamba hata Kamusi ya Kiswahili Sanifu, waliyoitoa pale Chuo Kikuu 1981, waliipitia wakaitoa tena 2004, na tena 2013. Mwambie wale ni maprofesa na wanalipwa. Usimwache aendelee, maana ataanza na Katiba.

Kuhusu watoto kusahihishana, ruhusu, lakini kwa busara. Mpe kiranja kalamu nyekundu. Atafanya kama wewe, tena kwa ukali zaidi: atahesabu nukta zilizokosekana na atamwambia mwenzake mwandiko wake ni wa kuku. Hakuna swali litakaloulizwa. Mwenye insha atajifunza kufunika daftari kwa mkono, na huo mkono hauondoki mpaka chuo kikuu.

Andalio la somo lijaze hivi. Utangulizi, dakika tano: kuwauliza wanafunzi maana ya kuhariri. Maarifa mapya, dakika kumi na tano: kuwaeleza maana ya kuhariri. Kuimarisha maarifa, dakika kumi: wanafunzi kunakili maana ya kuhariri. Zinazobaki ni za kutafuta chaki. Kwenye nafasi ya tathmini andika kwamba wanafunzi wengi wameelewa. Mdhibiti ubora akija, uliza darasa kwa sauti, "Mmeelewa?" na litaitikia "Ndiyo mwalimuuu!" mpaka kunguru waruke juu ya bati. Sijawahi kuona mdhibiti aliyeuliza wameelewa nini.

Jambo la mwisho ni daftari zenyewe. Mwaka ukiisha usiziache darasani, mtoto asije akarudi Januari akasoma alichoandika mwaka uliopita, maana kusoma kazi ya zamani kwa macho mapya ndiko kunakoleta maradhi haya yote. Zipeleke kwa wauza maandazi na karanga. Wanazinunua kwa kilo, na shule inapata hela ya chaki.

Mimi hufanya hivyo kila Desemba. Na Februari hii, natoka shuleni jioni, nilinunua karanga za mia mbili kwa mama anayekaa pale getini. Alizisokotea kwenye karatasi kama pembe. Nikala nikitembea. Zilipokwisha, nikaikunjua ile karatasi ili niitupe, nikaona mistari ya akiba.

Hapakuwa na wino mwekundu. Penseli na kalamu ya bluu tu, na uchafu wa kila namna: mishale, maneno yaliyokatwa, kipande kilichobandikwa kwa gundi ya unga kikiwa kimeanza kuliwa na mende. Mwanzo ulikuwa huu: "Mbuzi wa bibi hakuanza na majani. Alianza na mfuko wa shati la baba." Juu ya "mfuko", kwa herufi ndogo zilizobanwa: "wa kushoto". Mstari wa chini aliandika "Bibi alikasirika sana", akayakata, na juu yake, kwenye mstari wa akiba: "Bibi alimrushia mwiko, ukampata baba." Handeni bado haikuwa na herufi kubwa. Wali na kuku hawakuwepo. Nilikuwa nimesimama katikati ya njia, bodaboda wananipigia honi. "Baba alimwonyesha kondakta kipande kilichobaki. Kondakta alikigeuza, akakinusa, akamtazama baba, akasema"

Karatasi ilikuwa imechanwa hapo.

Nilirudi kwa yule mama, nikanunua za mia tano, nikamwomba anisokotee kwa karatasi za daftari lilelile. Alinitazama kama mtu ambaye malaria haijamtoka sawasawa, lakini akapekua kwenye boksi na kunisokotea. Nilizimwaga karanga zote mfukoni hapo hapo mbele yake na kuikunjua karatasi. Zilikuwa hesabu za kugawanya, kumi kwa kumi, vema zangu nyekundu kila mstari.

Kesho yake nikatoka mapema kidogo, kabla hajapata wateja.